Kula Kiapo na Kulishwa Kiapo: Utiifu wa Askari wa Nakala na Uvamizi wa Likoni, 1997

Utangulizi

Mwezi wa Februari 1997, wanasayansi wa Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh, Uskoti, walitangaza kwamba walikuwa wamefaulu kumzalisha kondoo kutokana na seli ya kondoo mwingine aliyekomaa. Dolly, kama alivyoitwa, alikuwa amezaliwa Julai 1996 akiwa nakala ya kijenetiki ya mwenye seli. Tangazo hilo lilizua mjadala dunia nzima, na haukupita muda kabla ya swali la kondoo kugeuka kuwa swali la askari: itakuwaje siku mtawala atakapoweza kujifyatulia jeshi kama afyatuavyo matofali, watu wa sura moja na nia moja, wasiojua kukataa?

Miezi sita baadaye, usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni pamoja na kituo kidogo cha polisi kilichokuwa kwenye kivuko cha feri, kusini mwa kisiwa cha Mombasa. Polisi waliuawa, bunduki zaidi ya 40 zikachukuliwa, na katika siku na wiki zilizofuata nyumba na vibanda vya watu waliotoka bara vikachomwa moto. Machafuko hayo yaliwaua zaidi ya watu 100 na kuwahamisha takriban watu 100,000. Wengi walikimbilia ua wa Kanisa Katoliki la Likoni. Wavamizi walikuwa wamekula kiapo katika Kaya Bombo, msitu ulioko Kwale, mwendo mfupi kusini mwa Likoni.

Matukio haya mawili hayana uhusiano wowote wa chanzo na tokeo. Yanawekwa pamoja hapa kwa sababu watu waliposimulia habari za wavamizi wa Likoni, mara nyingi waliwazungumzia kana kwamba ni askari wa nakala: walilishwa kiapo, wakapumbazwa, wakatumwa, wakaua. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo yana kasoro, na kwamba kasoro yenyewe inaonekana wazi zaidi mtu anapochunguza sarufi ya Kiswahili kuhusu kiapo na kuilinganisha na namna fasihi ya kubuni ya kisayansi inavyowasawiri askari walionakiliwa, au kloni.

Kloni haapi

Wazo la kiumbe aliyeundwa ili atii ni la zamani kuliko Dolly. Neno roboti limetokana na tamthilia ya R.U.R. (1920) ya Karel Čapek, na asili yake katika Kicheki ni neno lenye maana ya kazi ya shokoa. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, kwani lugha yake inafanya jambo lilo hilo: mtumwa, kwa umbo lake, ni aliyetumwa tu. Aldous Huxley naye, katika Brave New World (1932), aliwaonyesha watu waliokuzwa katika chupa na kusomewa sentensi zile zile usingizini tangu utotoni, hata kila mmoja akaipenda daraja aliyopangiwa.

Hata hivyo, mfano unaojulikana zaidi siku hizi, hata miongoni mwa vijana wa Likoni na Kisauni waliozizoea filamu hizi katika vibanda vya video, ni ule wa Star Wars. Katika Attack of the Clones (2002), jeshi zima linanakiliwa kutokana na mwili wa mtu mmoja, Jango Fett, mwindaji wa kukodiwa. Wataalamu wanaounda jeshi hilo wanaeleza kwamba kloni wamebadilishwa ili wakue haraka na wawe watiifu kuliko baba yao. Jango amelipwa fedha, lakini ameomba na jambo moja zaidi: apewe nakala moja isiyobadilishwa, awe mwanawe. Ombi hilo linastahili kuzingatiwa. Mtu aliyeuza mwili wake ufyatuliwe maelfu ya watiifu hakutaka mtoto mtiifu wa namna hiyo nyumbani kwake.

Katika filamu iliyofuata, Revenge of the Sith (2005), kloni hao wanapokea amri ya nambari 66 wakiwa vitani na kuwaua majemadari waliokuwa wakipigana bega kwa bega nao. Hakuna sababu inayotolewa; nambari inatosha. Mtazamaji wa 2005 aliachwa aamini kwamba utiifu huo ulitokana na maumbile na mafunzo. Lakini mfululizo wa katuni wa The Clone Wars, ulioanza mwaka 2008, ulikuwa umewapa kloni wale wale majina, mitindo ya nywele, michoro ya ngozi, mizaha na urafiki. Basi ilipofika mwaka 2014 watunzi walilazimika kuongeza jambo: kumbe kila kloni alikuwa na kifaa kidogo kilichopandikizwa katika ubongo. Askari mmoja anagundua siri hiyo, anajaribu kuwaambia wakubwa, na anapigwa risasi na askari mwenye sura kama yake.

Ongezeko hili la 2014 lina thamani kubwa kwa mhakiki kuliko vita vyote vya angani. Watunzi walifahamu kwamba wakishampa mtu jina na rafiki, hadhira haitakubali tena kwamba ataua kwa sababu tu alizaliwa hivyo au alifunzwa hivyo. Ilibidi kitafutwe kitu cha kuingia mwilini, kitu kitakachoiondoa hatia mikononi mwa muuaji.

Jambo jingine halina budi kutajwa. Katika filamu hizo kloni haonyeshwi akiapa. Hana haja. Anayemiliki panga halilishi panga kiapo kabla ya kwenda kufyeka.

Amri na kiapo katika sarufi

Umbo la kuamuru katika Kiswahili ni umbo lililovuliwa nguo. Simama! Geuka! Piga! Katika umoja halina kiambishi cha nafsi wala cha njeo. Ni shina tupu la kitenzi likisubiri mwili wa kulitekeleza. Katika wingi huongezwa -ni, ambayo inawahesabu wanaoamriwa bila kuwatambua. Mtu anapotaka kumwomba mwenzake kwa adabu hulikwepa umbo hilo na kusema usimame, upige, na hapo kiambishi u- hurudi na kumkubali msikilizaji kama nafsi. Pengine ndiyo sababu gwaride haliwezi kuendeshwa kwa maumbo ya adabu, ijapokuwa yeyote aliyewahi kulelewa na nyanya wa Pwani anajua kwamba umbo la adabu nalo huweza kuwa amri isiyopingika.

Kiapo ni kinyume chake. Naapa. Hakiwezekani bila kiambishi cha nafsi ya kwanza. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba kuna semi ambazo hazielezi tendo, zenyewe ndizo tendo; anayesema naapa amekwisha kuapa kwa kutamka. Lakini Austin aliweka masharti: utamkaji ufanywe na mtu anayefaa, katika mazingira yanayofaa, na kwa nia inayohitajika. Kasuku aliyefundishwa kusema naapa hajaapa.

Kwa hiyo anayetaka utiifu kwa njia ya kiapo analazimika kwanza kuitambua nafsi ya yule anayemtaka. Anamhitaji aseme ni-. Anamhitaji awe mtu anayeweza kukataa, kwa maana asingeweza kukataa kusingekuwa na haja ya kumfunga. Huu ndio msingi wa hoja ya makala haya: kiapo cha Kaya Bombo, ambacho hutolewa kama ushahidi kwamba wavamizi walikuwa mashine, kinashuhudia kwamba walikuwa watu.

Maneno ya Pwani kuhusu wanaotumwa

Kiswahili kina kumbukumbu ndefu ya askari wa namna mbalimbali. Mamluki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni anayemilikiwa, yaani askari mtumwa. Katika Kiswahili cha leo ni askari wa kukodiwa. Neno limevuka kutoka umilikaji hadi ujira, na Mombasa yenyewe iliwajua askari wa ujira kwa karibu, wakiwemo Wabulushi waliowekwa katika Ngome ya Yesu na Sayyid Said baada ya kuutwaa mji mwaka 1837.

Utii na uaminifu navyo havilingani. Kutii kunahitaji amri. Amri ikikoma, utii umekosa kazi. Uaminifu umejengwa juu ya -amini, na unaweza kuendelea hata pale ambapo hakuna anayeamuru, au hata kumpinga anayeamuru kwa ajili ya kile kinachoaminiwa. Kutokana na kitenzi hicho hicho kuna -aminisha na -aminishwa. Vijana wa Kaya Bombo waliaminishwa kwamba risasi hazingewadhuru.

Halafu kuna kasumba. Kabla ya kuwa mawazo ambayo mtu amejazwa hata akaacha kufikiri, kasumba ni afyuni, kitu cha kutia mwilini. Kwa hiyo Kiswahili kilikwisha kupata taswira ya kifaa kilichopandikizwa miaka mingi kabla ya watunzi wa The Clone Wars: ili mtu atawaliwe kutoka ndani, sharti kitu kiingie ndani. Kiapo nacho huliwa.

Kaya Bombo

Kaya ni makao ya kale ya Wamijikenda yaliyozungukwa na msitu. Ndani yake wazee huomba, na humo huzikwa fingo, kinga ya jamii. Mwaka 2008 baadhi ya misitu hiyo ya kaya iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kiapo, ambacho Wamijikenda hukiita kiraho, kina nafasi yake halali katika utaratibu huo: kusuluhisha mgogoro, kumtambua mwizi, kuthibitisha ukweli. Kiliwahi pia kutumika katika siasa za ukombozi. Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasiwape Waingereza vijana wao wala kodi, wanaume kwa kiapo cha fisi na wanawake kwa mukushekushe. Kwa hivyo ni kosa kudhani kwamba msitu au kiapo ndivyo vilivyozaa uvamizi wa 1997. Vilichukuliwa vikatumiwa.

Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2002, iliyotegemea kwa sehemu kubwa mahojiano na baadhi ya wavamizi wenyewe, inaeleza namna vijana, wengi wao Wadigo, walivyokusanywa miezi kadhaa kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba 1997, wakaapishwa kutunza siri, wakapewa dawa za kinga, na wakafunzwa na watu waliowahi kuwa wanajeshi. Waliambiwa kwamba watu wa bara wakiondoka, ardhi na kazi zingerudi kwa wenyeji. Ahadi hiyo haikupandwa katika udongo mtupu. Suala la maskwota wa Pwani, wakaaji wa mashamba waliyozaliwa lakini wasio na hati zake, ni la tangu enzi ya sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908; na kijana wa Likoni aliyeiona bandari kila siku kutoka kwenye feri, na asiifahamu kazi yake hata moja, hakuhitaji mwalimu wa kumweleza kwamba amenyimwa.

Hapa ulinganifu na kloni unavunjika. Kloni hana lalamiko. Hajui kwamba kuna shamba ambalo lingekuwa lake. Kijana wa Kaya Bombo alifika na lalamiko lake, lilikuwa la haki, na lilikuwa lake mwenyewe. Kilichofanywa na kiapo ni kulitoa lalamiko hilo kwa waliostahili kulijibu na kulielekeza kwa jirani muuza mboga. Hata mwelekeo huo ulihitaji akubali. Baadhi yao baadaye walivunja sharti la siri na kusimulia yaliyotokea, ingawa kiapo kilikuwa kimetishia mauti. Kifaa kilichopandikizwa hakimwachi mtu avunje siri.

Haiwezi kukanushwa kwamba hofu ilikuwapo. Mtu anayeamini kwamba kiapo kinaua, kiapo kinaweza kumtesa kweli, na mahakama yoyote ingepaswa kuitia hofu hiyo katika mizani. Lakini hofu ni ya mwenye nafsi.

Kula, kulisha, kulishwa

Kitenzi kilichotumiwa sana katika masimulizi ya Likoni ni kulishwa. Walilishwa kiapo. Kikichanganuliwa, -l- ni mzizi, -ish- ni kiambishi cha kutendesha, na -w- ni kiambishi cha kutendwa. Anayekula ni kiima mtendaji. Anayelisha ni mtendeshaji, anayesababisha mwingine ale. Anayelishwa amegeuzwa kuwa kipokezi cha tendo, sawa na mtoto mchanga au mgonjwa.

Umbo hilo peke yake halithibitishi kwamba mtu alilazimishwa. Rais wa Kenya huapishwa, na hakuna aliyewahi kusema kwamba alishikwa mikono akaingizwa Ikulu. Utata unatokana na kile kinachoachwa. Sentensi ya kutendwa katika Kiswahili huruhusu mtenda atajwe kwa kihusishi na, au adondoshwe kabisa, na sentensi ikabaki sahihi kisarufi. Vijana walilishwa kiapo na fulani. Vijana walilishwa kiapo. Sentensi ya pili haina kosa lolote ambalo mwalimu angelitia alama nyekundu, ila imemficha mtu.

Ikumbukwe kwamba katika Attack of the Clones nako jeshi la kloni limeagizwa kwa jina la mtu aliyekwisha kufa; linapogunduliwa, viongozi wanajua liko tayari lakini hawajui nani hasa aliliagiza na kulilipia. Wanalitumia hivyo hivyo. Kosa lao kubwa ni hilo la kuikubali sentensi isiyo na mtenda kwa sababu jeshi lenyewe linafaa.

Kuhusu Likoni, swali la mtenda lilipewa tume. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila yaliyotokea nchini, ikasikiliza mashahidi, na kukabidhi ripoti yake Agosti 1999. Ripoti hiyo haikutolewa kwa umma hadi Oktoba 2002. Kwa zaidi ya miaka mitatu, kijalizo cha na kilikuwa kimeandikwa na kufungiwa kabatini. Wanasiasa walitajwa, hakuna mwanasiasa aliyetiwa hatiani kwa uvamizi wa Likoni.

Ndipo athari ya kulishwa inapoonekana katika pande zote mbili. Aliyeua anajikinga nacho: sikuwa mimi, nililishwa. Aliyelisha anajikinga kwa kudondoshwa kwake. Na waliouawa wanabaki katika sentensi isiyo na mtu wa kuulizwa. Anayesema walikula, walilishwa na fulani, anawarudisha wote wawili, mlaji na mlishaji, kila mmoja na kiambishi chake.

Sura moja

Jambo la mwisho linahusu sura. Kloni wa filamu wana sura moja kwa sababu wameundwa hivyo. Likoni hakukuwa na mtu aliyeundwa, ilhali sura moja ilitengenezwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika neno mbara. Mjaluo aliyezaliwa Likoni, Mkamba aliyefika mwezi uliopita, Mluhya mwenye mke wa Kidigo, Mkikuyu mwenye duka, wote waliingizwa katika neno moja, na neno hilo likachomewa nyumba. Mara ya pili ilikuwa katika msako wa vyombo vya usalama. Mashirika ya haki za binadamu yalieleza jinsi Wadigo wengi walivyokamatwa na wengine kuteswa; katika msako huo kijana wa Kidigo alikuwa mvamizi mpaka athibitishe vinginevyo. Mvamizi na mwenye kumsaka walitumia mantiki ya kiwanda kile kile.

Fasihi ya Kiswahili haijalishughulikia jeshi la nakala kwa upana, ingawa Katama Mkangi, mwana wa Pwani, alikwisha kuonyesha katika Walenisi (1995) kwamba safari ya kubuni hadi ulimwengu wa mbali inaweza kuwa safari ya kurudi kwetu. Lakini kuhusu neno linalowafunga wapiganaji, tamthilia iliyo karibu zaidi na Likoni ni Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, iliyotokana na vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kusini mwa Tanganyika. Huko nako kulikuwa na maji ya kinga, risasi zilizotarajiwa kukosa nguvu, na watu walioyapokea maji hayo kwa hiari kwa sababu dhuluma ya Wajerumani walikuwa wakiijua wenyewe. Kinjeketile anaingiwa na shaka juu ya ujumbe alioutoa, anajaribu kuwazuia, na hazuii kitu. Neno limekwisha kutoka kwake likawa lao.

Mwishoni anatakiwa na Wajerumani atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Wahakiki wamebishana kama alifanya vyema. Ila hata anayemlaumu hana budi kukiri jambo moja kuhusu jukwaa la Hussein: aliyewapa watu maji yupo pale, amefungwa, ana jina, na anaulizwa. Wavamizi wa Likoni waliofikishwa kizimbani walisimama bila waliowatuma.